Skima ya sampu ndogo: pima kabla ya kununua

Ndugu, nimekuelewa: tangi la samaki la maji ya chumvi la lita 120, sampu ndogo (tangi la pili la kuchujia maji) ndani ya kabati, na hujui uchukue skima ipi ya protini, yaani kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu na kuukusanya kwenye kikombe.

Weka suala la chapa kando kwanza, chukua tepu. Pima urefu na upana wa chumba cha sampu, halafu nafasi ya juu hadi kwenye ubao wa kabati, maana kikombe cha uchafu hutolewa kwa kunyanyuliwa. Nafasi ikibana, utakuwa unaing'oa skima nzima kila ukitaka kuosha kikombe.

Kinachoamua zaidi ni kina cha maji. Skima nyingi za ndani ya sampu hutaka kama sentimita 15 hadi 23. Fuata karatasi ya mtengenezaji. Maji yakizidi, povu hulowa na kikombe hufurika. Yakipungua, povu halifiki juu. Iweke kwenye chumba ambacho maji hayapandi na kushuka, na yanayopotea kwa mvuke uyafidie kwa maji safi yasiyo na chumvi.

Lita zinazoandikwa kwenye boksi huwa za ukarimu. Mimi ningechukua skima iliyoandikwa kuwa ya tangi la lita 200 hivi. Kubwa mno haitapata uchafu wa kutosha kujenga povu thabiti.

Skima ikiwa mpya, wiki ya kwanza au ya pili povu litasumbua. Usichezee valvu kila saa.

Pampu ya volti 120 kutoka Marekani usiichomeke moja kwa moja kwenye umeme wa 230. Na tafadhali, fundi umeme akufungie swichi inayojikata umeme ukivuja.