Tezi, omo na joshi kwa sisi tuliokulia mlimani

Nilikutana na methali "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" nikiwa kidato cha pili hapa Moshi. Tezi niliyoijua ni ile inayovimba shingoni. Omo ni sabuni ya unga. Nikakariri maana kama ilivyoandikwa ubaoni, nikapata alama zangu, nikabaki sijaelewa kitu.

Leo nafundisha Kiswahili, na ushauri wangu kwa mwalimu au mwanafunzi wa huku bara ni huu: usianze na orodha ya maneno. Anza na upepo.

Hilo nilifundishwa Pangani. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelalia mchanga, nami nimeshika daftari nikimuuliza nahodha mmoja jina la kila kamba. Akanikatiza: "Mwalimu, niulize kwanza upepo unatoka wapi." Akanipandisha chomboni, akanikalisha tezi, yaani nyuma, penye usukani. Mbele kabisa ndiyo omo. Chini, maji yanayovuja yanakokusanyika na kuchotwa, ndiyo ngama. Utembee uendako humo chomboni, mwisho utashuka ngamani, maana maji yasipotolewa mtazama wote. Nilikaa kimya kwa muda. Methali ya miaka yote ile ilikuwa ya watu wanaofanya kazi.

Kisha upepo wenyewe. Upande unakotoka upepo ni joshi, unakoelekea ni demani. Chombo hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso; hupiga bisho, kikikata mshazari huku na huku, na kila kigeuzapo, foromali, yaani mti unaobeba tanga, na tanga lake huhamishiwa upande wa pili wa mlingoti. Kazi hiyo inataka mikono mingi na tanga zima. Ndiyo maana dau la mnyonge haliendi joshi. Na chombo kikiyumba ubavu huu na huu, hapo kinakwenda mrama, neno tunalolitumia hata kwa harusi iliyoharibika.

Jingine lililonigusa: sisi wa Moshi na Arusha tunajiita watu wa Kanda ya Kaskazini. Neno hilo limetokana na kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi uliosukuma majahazi kutoka Uarabuni na India. Kusi ndio uliyarudisha, na ndimo ilimotoka kusini.

Ukiweza, panda basi hadi Tanga, uliza saa za maji kupwa, uende pwani wakati huo. Utauona hata mkuku, uti wa chombo ulio chini kabisa. Usipoweza, fanya kama mimi. Nachora dau kwa chaki sakafuni, nawapanga wanafunzi tezi na omo, kisha nawaambia upepo unatoka Kibo na safari yetu ni Kibo hukohuko. Wanaanza kukata mshazari kati ya madawati, na kabla hawajafika ukutani kuna atakayesema, "Mwalimu, hapa tunahitaji watu zaidi."