Diski ya picha haisomeki baada ya kusasisha Ubuntu

SWALI: Nina studio ya picha Sinza, Dar es Salaam. Kompyuta yangu ya Ubuntu, ya zamani kidogo, ina diski mbili: moja ya mfumo na nyingine ya picha za wateja, ambayo katika faili la /etc/fstab (orodha ya diski ambazo mfumo huzifungua wakati wa kuwaka) nimeiandika /dev/sdb1. Juzi nilikubali masasisho. Nilipoiwasha upya ikaniletea skrini nyeusi ya hali ya dharura na maneno "bad superblock". Fundi amesema diski imekufa, niifomati au ninunue nyingine. Je, picha zimepotea?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza usifomati kitu chochote, kwa sababu kwa maelezo yako kuna uwezekano mkubwa kwamba diski ni nzima na kilichobadilika ni jina lake tu. Majina ya sda na sdb hutolewa na kerneli (kiini cha mfumo) kwa kufuata diski iliyotangulia kutambuliwa wakati wa kuwasha, na kerneli mpya haina wajibu wa kuyapanga kama ile ya zamani. Mfumo wenyewe uliwaka kwa kuwa Ubuntu huitafuta diski yake kwa UUID, yaani namba ya utambulisho iliyoandikwa ndani ya diski. Mstari wako wa fstab ndio uliobaki na jina la jana.

Katika skrini hiyo ingia kama root (mtumiaji mkuu), kisha andika lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,UUID. Ukiona sda1 ni ext4 (mfumo wa faili wa Linux) yenye ukubwa wa diski yako ya picha, na sdb1 ni kipande cha megabaiti 1 kisicho na mfumo wa faili wowote, jibu umelipata: kipande hicho ni cha kuwashia kompyuta, na hakijawahi kuwa na hiyo superblock (sehemu inayoeleza mfumo wa faili) inayolalamikiwa. Fundi wako aliyasoma maneno ya kosa, lakini hakuuliza yanaihusu diski ipi.

Nakili UUID ya sda1. Iwapo faili la fstab haliandikiki, tanguliza mount -o remount,rw / kisha uhifadhi nakala ya fstab kabla ya kuigusa. Badilisha mstari wa picha usomeke hivi, ukiweka namba yako na folda yako:

UUID=namba-yako /picha ext4 defaults,nofail 0 2

Neno nofail lisikupite: bila hilo, diski ya picha ikikosekana, kompyuta nzima hugoma kuwaka, jambo ambalo kwa studio yenye wateja mlangoni ni adhabu isiyo na sababu. Hakiki kwa findmnt --verify, halafu systemctl daemon-reload na mount -a. Kama hakuna kosa lililojitokeza, washa upya.

Endapo lsblk haionyeshi diski ya picha kabisa, shikilia Shift wakati wa kuwasha, uchague kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB (programu inayowasha mfumo). Ikionekana humo, tatizo ni la kerneli mpya. Isipoonekana, zima kompyuta, uchomoe waya wa SATA na kuuchomeka upya kabla ya kumrudia fundi.