Kujitolea sawa, ila hela nitoe mimi?

SWALI: Dada mambo, mi nimemaliza shule nipo tu home nataka kujitolea, sijasomea udaktari wala nini. Nimeona programu ya kulea watoto wa simba, unawanyonyesha kwa chupa na kupiga nao picha ila unalipia hela ndefu. Niende au napigwa?

JIBU: Poa mdogo wangu. Hiyo ya simba achana nayo kabisa. Simba aliyezoea kubebwabebwa ni vigumu arudi porini tena, na hao watoto mara nyingi wanatolewa kwa mama zao mapema makusudi ili watalii wapate wa kushika, sasa wakishakua wanapelekwa wapi hapo ndo hakuna anayekwambia. Uhifadhi wenyewe hauna selfi saana, ni kutembea porini kung'oa mitego ya waya, kuhesabu wanyama, kujaza fomu na jua linakuwakia. Kama huna nauli kuna app ya iNaturalist, unapiga picha mdudu au mmea unaweka, watafiti wanatumia.

Afya napo usiogope, kuandikisha wagonjwa na kupanga mafaili hakuhitaji digrii, Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza. Ila ukipewa sindano umdunge mtu na hujasomea, kataa, hata wakununie.

Mambo ya jamii cheki UNV, wale wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa walioanza 1970, hawatozi hata senti na zipo kazi za mtandaoni, kutafsiri, kuchora mabango. Wanapokea kuanzia miaka 18, hujaniambia we una mingapi.