Barua kwa mwanangu: kabla hujawapeleka darasani

Mwanangu,

Barua yako niliisoma jana usiku nikalala nayo kichwani, na asubuhi nikairudia. Unasema umekabidhiwa somo la kuwaandaa wanafunzi wa ualimu kabla hawajaenda kwenye muhula wa mazoezi ya kufundisha. Una wiki 12 na wanafunzi 40, na unaniuliza hivi: "Mama, hawa wamefaulu saikolojia ya elimu, wamefaulu mbinu za kufundishia, na maandalio ya somo wanaandika vizuri kuliko nilivyoandika mimi. Lakini nikiwatazama naona hofu tupu. Kimebaki nini cha kuwapa?"

Nimefundisha miaka 31, na karibu kila mwaka nimeletewa mwalimu tarajali, yaani mwanafunzi wa ualimu anayekuja kufanya mazoezi, nimlee. Kimebaki kitu kimoja, na ni kikubwa: wafundishe kumtazama mwanafunzi. Karibu yote wanayofundishwa chuoni kuhusu kusimama mbele ya darasa yanawafundisha kujitazama wenyewe. Sauti yangu inasikika? Ubao wangu umenyooka? Nimemaliza kwa wakati? Msimamizi ameandika nini pale nyuma?

Usiwakaripie kwa hilo, maana ni hali ya kila anayeanza. Mmarekani mmoja, Frances Fuller, aliandika mwaka 1969 kwamba wasiwasi wa anayejifunza ualimu huanzia kwake mwenyewe: nitaweza, watanitii, nitaonekanaje. Kuwaza sana kama wanafunzi wamejifunza huja baadaye. Sisemi kila mtu hupita njia hiyo kwa mpangilio huohuo, ila nimeiona kwa macho yangu mara nyingi mno kuipuuza. Kazi yako ni kuifupisha, ili mwanafunzi wako asifike wiki ya nane ya mazoezi bado akijitazama wakati watoto wamekaa mbele yake wanamsubiri.

Nikupe kisa. Nilimpokea kijana mmoja hodari, mwenye sauti nzuri na zana alizozitengeneza kwa mikono yake. Siku hiyo alikuwa anafundisha kutoa namba za tarakimu mbili, zile zinazotaka uvunje kumi moja. Alifundisha vizuri, na mimi niliyekaa nyuma nilifurahi. Mwisho akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia kwa wimbo, "Ndiyooo, mwalimu!" Akatabasamu, akawapa zoezi, akaanza kukusanya zana zake.

Mimi nikamchungulia mtoto aliyekuwa pembeni yangu. Kwenye daftari aliandika 52 − 17 = 45. Chini yake, 83 − 46 = 43. Chini yake tena, 71 − 28 = 57. Yote yamekosewa, lakini hebu itazame kazi yake kwa utulivu. Mtoto huyu hakubahatisha. Ana kanuni yake na ameifuata kwa uaminifu mkubwa: toa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu iwe chini. Saba kutoa mbili, tano. Tano kutoa moja, nne. Kwake yeye hesabu imekwisha, na ameelewa. Alipoitikia "ndiyo" hakumdanganya mtu.

Kipindi kilipokwisha nikamwomba yule kijana andalio lake. Ile sehemu ya mwisho, ya tathmini ya somo, ilikuwa imeshajazwa: "Wanafunzi wengi wameelewa somo." Aliiandika usiku, kwa kalamu ileile, kabla hajakutana na mtoto hata mmoja. Sikumgombeza. Nilimpa lile daftari tu, nikamwambia asinieleze makosa yako wapi, anieleze mtoto huyu anaamini nini. Alikaa nalo robo saa nzima. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine kidogo, na kesho yake aliingia darasani akaanza na 52 − 17 ubaoni, akauliza, "Nani anipe jibu, na nani anieleze amelipataje?"

Basi zoezi lako la kwanza ni hilo. Tafuta madaftari ya kweli, ya watoto wa kweli, yenye makosa ya kweli. Wape wanafunzi wako saa nzima, wasisahihishe chochote, wala kalamu nyekundu isiguswe. Wajibu maswali mawili tu: mtoto huyu anafuata kanuni gani, na ningemuuliza nini ili nijue kama nimemwelewa? Utashangaa hao waliofaulu saikolojia ya elimu watakavyohangaika. Wakishahangaika vya kutosha wataanza kuona, na hesabu siyo peke yake. Insha zina kanuni zake za siri, na sayansi pia. Yupo mtoto anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili kwa tano, kwa sababu amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Huyo naye ana sababu yake.

La pili ni kuuliza na kunyamaza. Hapa naomba uwe mkali. Mary Budd Rowe, Mmarekani mwingine, alirekodi masomo mengi na kupima muda ambao mwalimu humpa mwanafunzi baada ya kuuliza swali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alieleza alichokipata: kwa wastani, sekunde moja tu. Baada ya hapo mwalimu hurudia swali, humwita mwingine, au hulijibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliozoea kukaa kimya walianza kujibu, na kushindwa kujibu kulipungua. Sekunde tatu, mwanangu! Lakini kwa mtu mwenye hofu aliyesimama mbele ya macho 80, sekunde tatu ni ndefu kama usiku, na anahisi ukimya ule unamshtaki.

Kwa hiyo kuwaambia wangoje hakutoshi, wafanyishe mazoezi. Wapange wawili wawili. Mmoja aulize swali, kisha ahesabu moyoni huku akikandamiza vidole vyake nyuma ya mgongo, kimoja, kingine, kingine, ndipo afungue mdomo. Warudie mpaka ukimya uache kuwatisha. Halafu uwape hatua ngumu zaidi: jibu likishatoka, wangoje tena kabla ya kusema "vizuri" au "hapana". Rowe alipima pia ukimya huo wa pili, na ndio ambao walimu wengi tumekaa kazini miaka na miaka bila kuujua. Hapo ndipo mtoto huongeza sentensi ya pili, na sentensi ya pili ndiyo huonyesha anachofikiri.

Unasema idara yenu huwapa kila mmoja dakika 20 afundishe mbele ya wenzake, nao wenzake wajifanye watoto. Sina ugomvi na kufundishana wenyewe kwa wenyewe, ila jinsi mnavyofanya kunapoteza thamani yake. Walioanzisha mazoezi ya namna hii pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, akiwemo Dwight Allen, walitaka somo fupi sana, la dakika tano hadi kumi, lenye ujuzi mmoja tu wa kufanyia kazi. Baada ya hapo mtu aonyeshwe alichofanya, kisha alifundishe tena. Kule kufundisha tena ndiko vyuo vingi hukuacha kwa sababu muda hautoshi, na bila huko mwanafunzi anabaki na aibu yake tu. Punguza dakika 20 ziwe saba, umpe kila mmoja zamu mbili, ya pili siku chache baada ya ya kwanza.

Na wale wanaojifanya watoto, usiwaache wacheke na kupiga kelele za kuigiza. Kila mmoja mpe karatasi ndogo yenye kosa moja la kweli ulilolitoa kwenye madaftari, kama lile la 52 − 17. Mwambie alishike kosa hilo kwa moyo wake wote, asiliachie mpaka mwalimu aligundue na kumsaidia. Hapo anayefundisha atalazimika kutafuta nani anaamini nini, badala ya kumimina maneno mbele ya watu wanaojua jibu tayari.

Kuna jambo linalowadanganya wanafunzi wako, na si kosa lao. Dan Lortie, mtafiti wa Marekani, alikadiria mwaka 1975 kwamba mtu akimaliza sekondari ameshakaa na walimu kama saa 13,000. Anaingia chuoni akidhani kazi hii anaijua, kwa sababu ameitazama tangu utotoni. Lakini aliitazama akiwa dawatini. Alimwona mwalimu akimwita fulani, hakuona kwa nini amemwita yeye na si jirani yake. Aliona somo likigeuka katikati, hakujua kwamba mwalimu aliona nyuso tatu zimepotea akaacha mpango wake. Kwa hiyo unapowapeleka kwenda kutazama masomo shuleni, usiwape fomu ndefu ya kutia vema. Mwambie kila mmoja achague mtoto mmoja, amtazame yeye peke yake tangu kipindi kianze mpaka kiishe, na aandike alichofanya. Akitoka, amuulize mwalimu wa darasa swali moja kuhusu uamuzi mmoja aliouona: kwa nini pale ulifanya vile? Walimu wazuri hupenda kuulizwa hivyo. Nimeulizwa mara chache mno, na kila mara niligundua kitu kuhusu kazi yangu ambacho sikuwa nimewahi kukitamka.

Nidhamu utaulizwa kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo jibu lake liwe tayari. Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1970 alitoa matokeo ya kulinganisha walimu ambao madarasa yao yanatulia na wale ambao hayatulii. Namna walivyokemea haikuonyesha tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye yanayotokea kabla: mwalimu kujua nini kinaendelea kila kona, na somo kutokatikakatika. Na hilo pia, ukilitazama vizuri, ni jambo la macho.

Sasa nije kwenye lililo zito kwangu. Mlee mwalimu tarajali wako, lakini mwandae pia kwa mwalimu mlezi atakayempokea, maana si sote tulio wema kila siku. Miaka mingi iliyopita nilimpokea binti mpole, mwenye akili, aliyekuwa akikosea kidogo anapoeleza sehemu moja ya sarufi. Darasa lilianza kuchanganyikiwa. Mimi nikainuka kutoka nyuma, nikapita katikati ya madawati, nikachukua chaki mkononi mwake, nikamalizia mwenyewe. Nia yangu ilikuwa kuwasaidia watoto. Lakini niliona mkono wake ukibaki hewani, vidole vimekaa kama bado vina chaki. Tangu siku ile watoto walikuwa wakimuuliza swali huku wakinitazama mimi. Ilimchukua wiki tatu kulirudisha darasa, na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nilimwomba radhi. Hata leo, nikiandika haya, ule mkono nauona.

Wafundishe basi kuzungumza na mwalimu mlezi siku ya kwanza kabisa, kabla ya kipindi cha kwanza, tena kwa adabu na bila kujikunyata. Waulize: nikikosea, utaniambia vipi na lini? Tukubaliane ishara gani ya kuonyesha nahitaji msaada? Ni madaftari ya nani ungependa niyatazame kwanza? Igizeni mazungumzo hayo chuoni, wewe uwe mlezi mkali, mara nyingine mlezi mwenye haraka, mara nyingine mlezi anayetaka kupumzika na kumwachia kijana vipindi vyote tangu Jumatatu ya kwanza. Huyo wa mwisho yupo, na mwanafunzi wako anapaswa kujua kwamba ana haki ya kuomba aanze kidogo kidogo, na kwamba akikwama kuna mtu chuoni wa kumpigia simu. Mtu huyo ni wewe, kwa hiyo wape namba kabla hawajaondoka.

Mengine ni madogo na utayamaliza kwa siku moja. Azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, waombe mapema kwa mwalimu wa somo. Andalio liwe fupi kiasi cha kusomeka kwa jicho moja ukiwa umesimama. Sehemu ya tathmini ijazwe jioni, baada ya kupitia madaftari yasiyopungua matano. Walale usingizi. Wasijaribu kusahihisha kila kitu kila usiku, wataishiwa nguvu wiki ya nne.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikinakili kurasa zilizonifundisha kitu, majina nimeyafunika kwa karatasi. Ziko kwenye lile faili la kijani, za hesabu, za insha, na chache za sayansi. Nitakutumia zote wiki hii. Anza na ule ukurasa wa kwanza wenye 52 − 17, na usiwaambie jibu. Ukishamaliza darasa hilo niandikie, unieleze ni nani aliyeiona kanuni ya mtoto kwanza, na aliuliza swali gani.

Mama yako