Kipimo kimoja cha moyo hakitoshi

Pole sana dada kwa kumuuguza mama yako mwenye sukari, aliyelazwa hospitali ya Wete, Pemba; umeuliza kama mtulie. Kipimo cha umeme wa moyo kutoka kizuri asubuhi, na mama kusema kifua hakimuumi, bado si hoja ya kutulia. Mwenye sukari, khasa mtu mzima, anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua: anatapika, pumzi zinambana, taya linauma. Hilo jasho la baridi ulilosema limerowesha shuka ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Mwambie daktari wa zamu hapo Wete sasa hivi, usingoje raundi. Omba kipimo kirudiwe dalili zikiwepo, na damu ipimwe troponini (protini inayotoka kwenye msuli wa moyo ukiumia), kisha irudiwe baada ya saa chache, maana mwanzoni huwa haijapanda. Hapo hawapimi? Uliza mapema rufaa ya Unguja.