Barua kwa mwanangu anayetaka kuangusha mwembe

Mwanangu Salimu,

Asalaam aleikum. Sisi huku Muheza hatujambo, isipokuwa goti langu, nalo limezoea. Barua yako alinisomea mjukuu, kisha nikavaa miwani nikaisoma tena mwenyewe, maana mtoto yule anaruka mistari.

Umeniuliza ununue msumeno gani wa kuangushia ule mwembe ulio nyuma ya nyumba yako hapo Kihonda, Morogoro, kwa kuwa mizizi imeanza kuupasua ukuta, na msimu ukifika hamlali kwa maembe yanayodondokea bati. Ukaongeza kwamba baba mdogo wako amekwisha kukushauri: wa petroli, ule wa inchi 24, na kwamba ukinunua mdogo utajuta. Hapo nikaiweka karatasi chini kidogo.

Baba mdogo wako anakushauri mambo ya misumeno. Haya.

Nitakujibu, usiwe na haraka. Kwanza ujue alivyokuwa akisema marehemu baba yako, na mimi sijasikia neno la kulipinga hadi leo: msumeno ni tupa, kile chuma cha kunolea meno. Mmoja atakwambia msumeno ni meno, mwingine injini, mwingine chapa. Msumeno ni tupa. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka ile sauti tu barazani kila jioni. Alikuwa akikata mitiki pale Longuza, na mtiki ni mti mkaidi, ndani yake mna chembechembe zinazokula chuma. Asubuhi msumeno unakata, adhuhuri unasugua. Basi akirudi, kabla hata ya kuoga, anaubana kati ya mbao mbili meno yakitazama juu, anapitisha tupa jino moja na kuliruka la pili. Akifika mwisho anahamia upande wa pili na kuyarudia yale aliyoyaruka. Halafu anayainamisha, moja kushoto, moja kulia, kidogo tu, unene wa kucha. Ukiyainamisha hivyo, njia inayokatwa inakuwa pana kuliko bapa lenyewe, na mti mbichi hauwezi kulibana.

Haya sikuhadithiwa na mtu. Upande wa pili wa msumeno ule niliushika mimi.

Dada zako wanalijua hili, sijui kama wewe uliwahi kuambiwa vizuri. Mwenzake baba yako alilala na malaria, na kulikuwa na mwembe wa jirani uliooza moyo, unategemewa kuangukia nyumba wakati wowote. Baba yako akanitazama nikiwa na ungo mkononi, akasema, "Mama Zubeda, weka hiyo, njoo ushike hapa." Ule wa watu wawili, wa Sweden, wenye chapa ya samaki na ndoana karibu na mpini. Wanawake wa mtaa wote wakatoka kutazama, na baadhi yao walicheka kwa sauti, sitawataja kwa sababu wengine ni marehemu. Maelezo aliyonipa yalikuwa mafupi: vuta, usisukume. Zamu yako ikiisha legeza mkono, uache msumeno uende naye. Ukisukuma, bapa linajikunja na mnagombana na chuma badala ya kukata mti. Utomvu ukinata, unapaka mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa, unaendelea.

Dakika za mwanzo nilisukuma, kila mtu husukuma. Kisha mkono ukaelewa. Unga ukaanza kutoka mrefumrefu kama tambi, ukilundikana kwenye ncha za miguu yangu, na baba yako akasema ukiuona hivyo ujue meno yanakula. Ukigeuka vumbi, simama unoe, usiongeze nguvu. Kufika katikati ya shina hakuna aliyekuwa akicheka. Mti uliposhuka ulishuka pale pale alipokuwa amechomeka kijiti. Jioni ile alinoa huku akiimba, na mimi mikono ilikuwa haishiki hata kikombe. Nilifurahi, mwanangu. Bado nafurahi.

Basi huo ndio msumeno baba mdogo wako aliouazima mwaka wa mvua za El Nino. Alikuwa na mwarobaini nyuma ya jiko lake ulioinama kwa tope, akataka kuuondoa kabla haujamwangukia. Hakuna ubaya, ndugu huazimana. Akaurudisha magharibi, umefungwa kwenye gunia, na hapo kwanza ingepasa nishtuke, kwa nini gunia? Uliondoka hauna nguo. Akauegemeza ukutani, akakaa, akanywa chai, akala maandazi, akazungumza habari za Coastal Union mpaka Isha.

Asubuhi baba yako akalifungua gunia. Katikati ya bapa meno yalikuwa yamekatika, mengine yamelala ubavu. Akapitisha kidole gumba pale polepole, akaenda, akarudi. Hakusema neno. Akachukua tupa akaanza kuyashusha meno yote, mstari mzima, mpaka yakalingana na yale yaliyovunjika, kwa sababu msumeno ukiwa na bonde katikati haukati, unarukaruka. Kazi ile ilimchukua siku na siku. Msumeno ukapungua upana, na haukuwa tena ule.

Nasema yawezekana hakujua. Mti unameza chuma. Leo unapigilia msumari, miaka ikipita ganda linaufunika, nje huoni kitu, na ndani unakungoja. Hilo ni kweli na namwachia. Lakini nani aliyefunga kwenye mwarobaini ule waya wa kuanikia nguo? Waya haushiki hewani, unashika msumari. Au labda walifunga wapangaji waliomtangulia. Labda. Ila hata kama hakujua msumari upo, chuma kikigonga chuma kinalia, huwezi kusema hukusikia, na pale ndipo mtu husimama akatazama. Yeye akaendelea. Kisha akatafuta gunia.

Sitamhukumu. Amezeeka, sukari inamsumbua, na baada ya baba yako yeye ndiye baba yako. Nimesema sitamhukumu na sijamhukumu. Nimekueleza ilivyokuwa.

Sasa turudi kwako. Mti wa uani si mti wa msituni. Wa msituni unapambana na mbao peke yake. Wa uani umeishi na watu, na watu hupigilia vitu. Uliponileta kuitazama nyumba, yule jirani mzee alisema mwenye kiwanja wa kwanza alikuwa na banda la kuku limeegemea shina lile. Banda la kuku, Salimu! Hapo mna misumari na nyavu. Kabla hujaingia duka lolote, zunguka shina ukitafuta kovu, uvimbe, au mahali ganda limejikunja kuzunguka kitu. Chukua sumaku ya spika mbovu uipitishe taratibu. Haitashika kilichozama sana, lakini cha juujuu itakuonyesha. Msumari ukigusana na mnyororo wa petroli unaokwenda kasi ile, si jino tu litakaloruka.

Halafu pima. Zungusha kamba shinani kwenye kimo cha kifua chako, nyoosha kamba, gawanya kwa tatu, utapata upana kwa kukaribia. Kamba ikiwa sentimita 240, shina lina kama 80, au pungufu kidogo. Sasa tazama ushauri wa inchi 24: hizo ni kama sentimita 61, hazivuki shina hilo kwa mkupuo mmoja hata hivyo. Wa inchi 18 una kama sentimita 46, ni mwepesi zaidi, na ukikata kutoka upande huu kisha upande ule unamaliza kazi ile ile. Urefu ule mkubwa ni wa mtu anayekata kila siku na mabega yake yamezoea. Wewe unakaa ofisini. Sisemi kwa dharau.

Na wa petroli wenyewe una tabia yake. Ile ncha ya bapa, hasa sehemu yake ya juu, ikigusa mti msumeno unarushwa kuelekea usoni kwako kabla hujafumba jicho. Hautumiwi juu ya ngazi, hauinuliwi kupita bega, hata kama umewaona vijana wakifanya hivyo. Petroli yake huchanganywa na oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na mnyororo una oili yake, si ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Nao pia hunolewa, kwa tupa ya mviringo, kila jino idadi sawa ya mapigo, la sivyo unakata kwa kupinda. Unaona? Hata huo ni tupa.

Lakini mwembe wako huo hutauangusha mzima, sina haja ya kuja kuona. Upande mmoja nyumba, upande mmoja ukuta, na tawi moja linapita juu ya waya wa umeme. Kwa hilo waite TANESCO kwanza, wala usilikaribie. Mti wa namna hiyo unashushwa vipandevipande kutoka juu, matawi kwanza, kila tawi limefungwa kamba na kuna mtu chini anayeishika. Tawi zito linakatwa kidogo kwa chini, ndipo unakata kwa juu mbele kidogo ya pale, ili likivunjika lisichune ganda mpaka shinani na kukuvuta nalo. Kwa matawi ya unene wa mkono, nunua ule msumeno mdogo uliopinda, unaokata unapovuta. Ule wa upinde, wenye fremu, unafaa kwa manene kidogo, ila tawi likizidi fremu inagonga na unabaki unachezacheza. Wa seremala usiuguse kwa kazi hii. Meno yake madogo yanajaa unga mbichi yanaziba.

Shina litakalobaki ndilo la fundi mwenye msumeno wake. Mwambie akate mdomo upande linakolalia, kiasi cha robo ya upana, kisha akate kwa nyuma juu kidogo ya mdomo, asifike mwisho. Aache bawaba, sehemu moja katika kumi ya upana, hiyo ndiyo inayoliongoza gogo lishuke linakotakiwa. Akikuambia hayo ni mambo ya vitabuni, tafuta fundi mwingine. Hapo Morogoro wachoma matofali wanapenda magogo ya mwembe kwa tanuri, huenda ukapata wa kukukatia kwa kuchukua kuni zake. Huku pwani tungeita kwanza mchonga mitumbwi, lakini nyie hamna bahari. Na yeyote atakayekata avae mikono mirefu, maana utomvu wa mwembe unababua. Baba yako alivimba mikono hata vifungo vya shati havikufunga.

Upite pia serikali ya mtaa kabla ya yote, usije ukaulizwa maswali mti ukiwa umelala.

Sasa, kama unapaswa kuukata au la, hukuniuliza, na mimi sitasema. Nyumba ni yako, ukuta ni wako, usingizi ni wenu. Ukuta huweza kujengwa upya ukiwa mbali kidogo na mizizi, lakini sitasema. Matawi ya upande wa bati huweza kupunguzwa peke yake, mwembe huvumilia kupogolewa na kuchipua tena, na kivuli cha pale ndicho mke wako alichokaa na mimi mchana kutwa tukichambua mchele mwaka ule wa joto. Lakini hukuniuliza hilo. Baba yako angekwambia mti ukishakatwa hauna rufaa. Mimi nanyamaza.

Ule msumeno wake uko darini, umepakwa mafuta. Usiniombe. Si kwa sababu yako. Mtu akijua uko kwako atakuja kuuazima.

Nitumie namba mbili: mzunguko wa shina kwa ile kamba, na hatua kutoka shinani mpaka ukutani. Na uniambie nani atakayeshika kamba chini, jina lake, maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja hata awe na mashine gani. Nikizipata hizo nitakujibu kuhusu inchi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako