Uani umeingia?

Mwanangu Salumu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kipi kina faida: nyumba ya vyumba sita Mbagala yenye wapangaji tayari, au kiwanja Chanika ujenge taratibu. Hesabu umeipanga vizuri, vyumba sita kwa shilingi 50,000, laki tatu kwa mwezi. Nami nakuuliza: uani umeingia?

Najua utasema mama ameanza. Lakini muuzaji anakukaribisha sebuleni na kukutandazia karatasi. Uani ndiko kwenye karo la maji machafu lililojaa. Ndiko wapangaji wanakogombania mita moja ya umeme wa LUKU, mwenye friji na mwenye taa moja wanachanga sawa. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo, anaibeba mpangaji aliyenunua umeme, na jengo ni lako. Ukinunua, uwapunguzie kwenye pango. Hilo kwenye hesabu yako sikuliona.

Ile nyumba ya Tandika tuliyotaka kuinunua, wewe unakumbuka tu kwamba hatukuhamia. Ulikuwa darasa la pili. Baba yako, Mungu amrehemu, alitia saini sebuleni, mashahidi wapo, mhuri wa serikali ya mtaa upo. Mimi nilitoka uani kuomba maji. Nikamkuta mwanamke anamenya mihogo, mtoto mgongoni. Akaniuliza, "Ninyi ndio wageni wa baba watoto?" Nikaitikia. Nikanywa maji yake, nikarudi ndani, nikanyamaza. Nilijua, Salumu. Mtu anayejua nyumba yake inauzwa hakuiti mgeni.

Wiki mbili baadaye alikuja kwetu na wanawe watatu. Hakupiga kelele. Alikaa mkekani akauliza ahamie wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, lakini siku ile hakuna aliyeitaja sheria. Baba yako aliuvunja mkataba palepale. Pesa zilirudi mara elfu hamsini, mara elfu ishirini, na hazikutimia mpaka anaingia kaburini.

Kuna siku nasema kosa lilikuwa la yule mume, sisi tulidanganywa. Halafu naiona ile mihogo. Hapana. Swali lilikuwa mdomoni mwangu nikalimeza pamoja na maji.

Kwa hiyo, hati ya nyumba omba namba yake, ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi. Kama ni leseni ya makazi tu, au karatasi ya mauziano, waulize majirani wa pande zote. Kama mwenye nyumba alifariki, anayeuza akuoneshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Na mke wa muuzaji umwone kwa macho yako, azungumze yeye, atie saini yeye. Usikubali kuambiwa yuko safarini.

Sikwambii ununue wala usinunue, pesa ni zako na umezitolea jasho. Chanika nako hakuna mpangaji wa kukulipa wakati unajenga, hilo ni kweli. Ila huyo wa Mbagala anavyokuharakisha umalize kabla ya mwisho wa mwezi, mimi… Basi, niishie hapo.

Jumamosi nenda bila dalali, asubuhi, watu wanapooga na kufua. Goti langu limepata nafuu. Ukinipitia saa moja utanikuta nimeshavaa.

Mama yako